Dinari ya Marcus Antonius yenye "LEG I": ni nadra kweli, au tarakimu imefutwa?

SWALI: Nipo Muscat. Nimenunua dinari ya fedha ya Marcus Antonius kwenye mnada wa mtandaoni wa Ulaya. Upande mmoja ina merikebu ya makasia, upande wa pili tai wa jeshi katikati ya bendera mbili. Muuzaji ameiandika "LEG I, nadra sana", na bei ilipanda kwa sababu hiyo. Ina uzito wa gramu 2.96 na upana wa milimita 17. Ukingoni kuna doa la kijani, na palipochubuka panaonekana wekundu. Je, ni bandia? Naweza kuisafisha? Nina siku 14 za kuirudisha.

JIBU: Usiisafishe, na doa liache kwanza. Anza na tarakimu, maana ndiyo uliyoilipia.

Antonius, jemadari wa Kirumi, alipiga sarafu hizi mwaka 32 na 31 kabla ya Kristo ili kuwalipa askari na mabaharia wake kuelekea vita vya majini vya Actium, pwani ya Ugiriki. Zilipigwa kwa wingi mno. Tena fedha yake ilitiwa shaba nyingi kuliko dinari za kawaida za wakati ule, hivyo watu waliyeyusha au kuficha zile safi, na hizi zikaendelea kuzunguka sokoni kwa zaidi ya miaka 200. Ndiyo sababu nyingi zimesagika. Dinari ya Antonius yenyewe basi si kitu adimu. Kinachopandisha bei ni namba ya legioni (LEG), yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, na namba ni vijistari viwili vitatu ambavyo mtu mwenye kisu chembamba anavibadilisha kwa dakika chache.

Mfululizo unaokubalika bila ubishi unaanza legioni ya II na kuishia ya XXIII. Ya kwanza, katika vielelezo vinavyotajwa, huandikwa LEG PRI (kifupi cha neno la Kilatini la "ya kwanza"), wala si LEG I, na hata hivyo vingi vyake vinatiliwa shaka. "LEG I" iliyo wazi karibu kila mara ni II, III au namba ndefu zaidi iliyochakaa, iliyopigwa nje ya ukingo, au iliyokwanguliwa.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na taa ya pembeni. Neno LEG liko kushoto kwa mti wa tai, namba kulia. Mchongaji wa Kirumi alijaza nafasi yake. Ukiona I moja imejibanza upande mmoja na pembeni yake uwanja mtupu, tilia shaka. Palipokwanguliwa panakuwa na kibonde kidogo, mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, rangi ng'avu kuliko sehemu nyingine, na hapana uchafu wa zamani kwenye mashimo. Palipochakaa kwa kutumika ni tofauti: kivuli cha mstari hubaki, na herufi za jirani zimechakaa vilevile.

Kisha linganisha chapa, yaani alama ya kifaa kilichopigia sarafu. Ingia kwenye CRRO, hifadhidata ya mtandaoni ya sarafu za Jamhuri ya Kirumi ya American Numismatic Society, ambayo ni bure, utafute namba 544 ya orodha ya Crawford, ambayo ndiyo marejeo ya kawaida ya sarafu hizo. LEG II ni 544/14, LEG III ni 544/15, na kuendelea. Tazama mabawa ya tai, idadi ya duara kwenye bendera na umbali wake kutoka herufi. Ukipata sarafu iliyopigwa kwa chapa ileile na pale kuna III, kesi imekwisha. Utafutaji huu unachosha, lakini hakuna kipimo kingine kinachotoa jibu la uhakika namna hii.

Sasa wekundu. Waghushi wa zamani walichukua kiini cha shaba, wakakivika karatasi nyembamba ya fedha, wakakipasha moto hadi vishikane, ndipo wakapiga chapa. Shaba ikishika kutu huvimba na kuipasua ngozi ya fedha kutoka ndani, kwanza ukingoni na kwenye sehemu zilizoinuka. Kijani peke yake hakithibitishi lolote, kwa sababu hata dinari halisi ya Antonius ina shaba, na inaweza kuambukizwa rangi na sarafu ilizozikwa nazo. Lakini kijani kinachotoka chini ya ngozi iliyopasuka, pamoja na wekundu, ni dalili nzito. Gramu 2.96 pia ni pungufu. Nzima huwa karibu na 3.5 hadi 3.9, ingawa iliyosagika sana hushuka.

Uthibitishe kwa msongamano. Weka kikombe cha maji yaliyosafishwa, chenye tone la sabuni, juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni izame bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya 2.96 kwa namba inayotokea. Fedha ya Antonius inapaswa kutoa takriban 10.2 hadi 10.4, yaani mizani isome kama 0.287. Ya kiini cha shaba hutoa 9 na kitu, yaani 0.32 hivi. Mizani ya kusoma 0.01 haitoshi: kosa la tarakimu moja tu linakutoa 10.2 hadi 9.87. Nenda kwa sonara mwenye mizani ya 0.001, rudia mara tano. Povu lililoshika sarafu hupunguza msongamano na kukudanganya. Lifute kwa brashi laini. Ukimaliza, ikaushe mara moja, kwa kuwa maji yakiingia kwenye mpasuko yanakula kiini.

Hata ikiwa ya ganda, yaani shaba iliyovikwa fedha, si lazima iwe bandia ya leo. Sarafu hizi zina wakusanyaji wake, ila kwa bei nyingine. Bandia ya kisasa iliyomiminwa hujionyesha kwa vijishimo vya mviringo, herufi laini kama zimeyeyuka, na mstari uliopigwa tupa ukingoni. Ukikuta mtandaoni sarafu nyingine yenye mkwaruzo uleule mahali palepale, zote mbili zimetoka kwenye kalibu moja.

Kusafisha: hapana ndimu, magadi, dawa ya meno wala maji ya kung'arishia vyombo vya fedha. Kwenye sarafu ya ganda yanaivua ngozi. Kwenye fedha ya kale iliyogeuka kuwa dhaifu kama kigae yanaacha uso mweupe uliokufa. Ihifadhi kwenye mfuko usio wa plastiki ya PVC, pamoja na silika ya kunyonya unyevu, kwani hewa ya chumvi ya pwani huchochea kijani.

Ndani ya siku zako 14, mwandikie muuzaji kwa maandishi, ambatisha picha ya tarakimu, picha ya chapa uliyolinganisha na matokeo ya msongamano. Dai lako liwe "haikuelezwa sawasawa", kwa kuwa hilo ni rahisi kulithibitisha kuliko "umeniuzia bandia". Omba pia historia ya umiliki kwa tarehe. Sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, iliyouzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3 ilibainika kuwa na hati za uongo za umiliki, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki.