Abirateroni kidonge 1 na chai badala ya 4 tumbo tupu: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umesema baba ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, daktari kamwandikia abirateroni, dawa inayozuia mwili kutengeneza homoni za kiume zinazolisha saratani hiyo, ya miligramu 250, kidonge kimoja asubuhi pamoja na chakula. Karatasi ya ndani ya boksi inasema vinne, tena tumbo tupu, na mfamasia kashikilia karatasi. Unauliza umwamini nani.

Mfamasia anakusomea maelekezo ya kiwanda, na hajakosea. Daktari naye hajabuni. Baba yangu mkubwa yuko kwenye dozi hiyohiyo, mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kununua dawa, kwa hiyo nimelifuatilia jambo hili kwa macho ya mlipaji.

Abirateroni huingia kwenye damu kwa shida mtu akiwa hajala. Nyingi inatoka na choo. Mlo wenye mafuta kidogo unaiongeza kwenye damu takriban mara 5, mlo wa mafuta mengi mara 10. Dk. Russell Szmulewitz wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake, akiwemo Mark Ratain, wakaona kama chakula kinaongeza hivyo, kwa nini wagonjwa wanunue vinne? Walichukua wanaume 72 ambao saratani yao ilishakuwa sugu kwa tiba ya kushusha homoni. Nusu walimeza miligramu 1000 bila kula, nusu 250 na kifungua kinywa chepesi. Majibu yalitoka mwaka 2018 katika Journal of Clinical Oncology: PSA, kipimo cha damu kinachofuatilia saratani ya tezi dume, ilishuka kwa nusu au zaidi kwa 58% ya waliomeza kidonge kimoja, na 50% ya waliomeza vinne. Ugonjwa ulikaa karibu miezi 9 bila kusonga mbele kwa makundi yote mawili. Cha kushangaza, dawa ilikuwa nyingi zaidi kwenye damu ya waliomeza vinne, lakini homoni za kiume zilishuka sawasawa. Ile ziada haikuwa na kazi ya kufanya.

Miongozo ya NCCN, mtandao wa vituo vya saratani vya Marekani, nayo inaikubali dozi hii kwa asiyemudu ile kamili.

Ila ujue mipaka yake. Watu 72 ni wachache, na kilichopimwa hasa ni PSA, siyo nani aliishi zaidi. Tafiti kubwa za 2017 zilizoonyesha kwamba abirateroni ikianza mapema inarefusha maisha, LATITUDE na STAMPEDE, zilitumia 1000. Mwenye bima inayolipa vinne bila mizengwe, mimi ningemwambia ameze vinne, tumbo tupu. Kwa sisi wengine, chupa ya vidonge 120 inakwisha mwezi kwa vinne, na kwa kimoja inafika miezi minne. Kumeza vinne mwezi huu kisha kukaa miezi miwili bila dawa ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi.

Vita yenyewe iko mezani. Wazee wakisikia "pamoja na chakula" wanaagiza chapati na supu ya kongoro. Hapana! Kwetu ni chai ya rangi na mkate mkavu, au uji usiotiwa karanga wala maziwa, au viazi vitamu vya kuchemsha, na iwe hivyo kila siku ili dawa isipande leo na kushuka kesho. Wageni wanaokuja na maandazi asubuhi mama mkubwa anayapokea kwa shukrani na kuyafunika hadi mchana.

Prednisoloni aliyoandikiwa pamoja nayo asiiache, hata ndugu wakisema "steroidi zinaharibu". Abirateroni inafunga njia ya homoni kwenye tezi zilizo juu ya figo, na bila prednisoloni presha inapanda, potasiamu inashuka, miguu inavimba. Mpimeni presha, na damu ya ini na potasiamu kama daktari alivyopanga. Na kama alishaondolewa korodani, msidhani abirateroni haina kazi tena. Charles Huggins, hukohuko Chicago, alionyesha mwaka 1941 kwamba kuondoa korodani kunairudisha nyuma saratani hii, akapewa Nobel mwaka 1966. Lakini tezi hizo za juu ya figo, na uvimbe wenyewe, vinaendelea kutengeneza homoni kidogo kidogo.

Na wewe uliyedakia kuhusu mjomba mwenye saratani ya figo anayemeza pazopanibu: usimpunguzie kwa hesabu hii. Nayo humezwa tumbo tupu na chakula huiongeza, lakini takriban mara 2 tu. Watafiti wa Uholanzi waliojaribu kuipunguza walifika miligramu 600 na kifungua kinywa badala ya 800 bila kula, na hapo waliishia. Sunitinibu, dawa nyingine ya saratani ya figo, ndiyo haijali kama umekula au hujala. Mpelekeeni daktari wake swali hilo kabla ya kugusa kidonge hata kimoja.