Kwa nini taa za mbele za gari zimerudi njano baada ya kusuguliwa kwa dawa ya meno

Kaka, dawa ya meno imeng'arisha juu tu. Tabaka la kinga lililoungua na jua bado lipo, ndiyo maana njano imerudi. Ziba bodi kuzunguka taa kwa tepu ya karatasi. Piga msasa wa maji namba 800, halafu 1500, halafu 2000, kila namba ukibadili mwelekeo, maji yasikatike. Yanatoka ya njano. Yakigeuka meupe, tabaka limeisha. Taa itafifia yote kama kioo cha bafuni, usishtuke. Futa kwa spiriti, pulizia klia (rangi angavu ya juu) yenye kinga ya jua, tabaka mbili nyembamba. Usitangulize kompaundi (dawa ya kung'arisha rangi ya gari): mafuta yake huibandua klia. Jua la Moshi ni kali, klia usiiruke kabisa. Ukungu wa ndani, msasa haufiki.