Diski ya ndani kwa vituo vya kazi visivyo na diski

Umeuliza kama kuna faida ya kuweka diski ndogo ya bei nafuu kwenye vituo vya kazi (kompyuta za mezani za watumiaji) vya Unix visivyo na diski, vinavyotegemea seva kwa faili zote, ilhali seva yenu bado ina nafasi tele. Faida ipo, na ni kubwa, lakini haitokani na nafasi. Mashine kama Sun-3/50, kituo cha kazi cha kampuni ya Sun cha miaka ya 1980 chenye megabaiti 4 tu za kumbukumbu, hujaza kumbukumbu hiyo mara mtumiaji anapofungua madirisha machache, na hapo kurasa za kumbukumbu (vipande vyake vinavyohamishwa ili kupata nafasi) hulazimika kusafiri kupitia NFS, mfumo wa kutumia faili za seva kupitia mtandao, hadi kwenye seva na kurudi. Ethaneti, yaani mtandao wenu wa kebo, ya megabiti 10 kwa sekunde hutumiwa na mashine zote kwa pamoja, kwa hiyo mmoja akianza kukompaili programu kubwa (kuigeuza kuwa lugha ya mashine), jirani yake huona kishale cha kipanya kikikwama.

Wekeni swapu (eneo la kurasa zinazotolewa kwenye kumbukumbu) na /tmp (faili za muda) kwenye diski ya ndani, na muache /usr (programu za mfumo) pamoja na faili za watumiaji kwenye seva. Naupendelea sana mpangilio huu, kwa sababu diski hiyo ikiharibika hakuna kazi ya mtu inayopotea, wala haihitaji kunakiliwa kila usiku.

Hakikisheni kwamba namba yake ya SCSI (njia ya kuunganisha diski na vifaa vingine) haigongani na ya kifaa kingine, na kwamba mwisho wa kebo una terminata, yaani kifaa cha kuzuia mawimbi kurudi. Kumbukeni pia kwamba amri ya swapon, inayowasha eneo la swapu, huongeza tu eneo jipya juu ya lile la NFS. Ili kuachana kabisa na la seva, kerneli yenyewe (kiini cha mfumo endeshi) inapaswa kuelekezwa kwenye diski.