Barua kwa binti yangu aliyeumia muundi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi huku Kibosho hatujambo, baba yako yuko kwenye kahawa zake na anakusalimu sana.

Ujumbe wako niliusoma, nikatulia, kisha nikaurudia. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, daktari amekwambia usikimbie kwa wiki 6 kwa sababu muundi wa mguu wa kushoto unaonyesha dalili za ufa mwembamba, na Kilimanjaro Marathon ya Februari hapa Moshi nayo imebakiza wiki 6. Sasa unataka kujua: ukipumzika wiki 3 tu, kisha ukaja kukimbia kilomita 21 zako pole pole, kuna ubaya gani? Pili, kwa kuwa hukimbii, upunguze chakula kwa kiasi gani usije ukanenepa?

Naanza na la pili, maana mzizi wa la kwanza uko humo. Usipunguze chakula. Ongeza.

Desemba ulipopanda kuja Krismasi nilikuangalia vizuri. Saa 12 asubuhi unatoka na raba zako bila kitu tumboni, unashuka hadi barabara kubwa na kupanda tena, unarudi umeloa, unakunywa chai ya rangi na kipande cha papai. Mchana mtori unausogeza pembeni. Usiku kachumbari. Shangazi zako wakakusifu kwamba umepungua. Sikutaka kusema mbele ya watu siku ile, ila sasa tuko wawili na nitasema.

Tufanye hesabu, wewe si ndiye mhasibu wa familia. Mtu anapokimbia, kila kilomita humla takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Wewe una kilo 55, na kwa maneno yako umekuwa ukikimbia kilomita 50 kwa wiki. Hizo ni kilokalori kama 2,750. Ukizitafuta kwenye unga wa sembe ni zaidi ya robo tatu ya kilo ya unga mkavu, kila wiki, juu ya kile ambacho mwili wako ungehitaji hata kama ungeshinda umekaa ofisini. Umezitoa wapi? Si kwenye sahani, nimeiona sahani yako.

Mafuta ya mwilini hufidia kwa muda. Lakini pengo likiendelea miezi, mwili huanza kubana matumizi kwenye yale unayoona yanaweza kusubiri: hedhi, ujenzi wa mifupa, kinga dhidi ya mafua na homa, hata usingizi na hamu ya kazi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi la wataalamu wake kuhusu hali hii ya upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na wakasisitiza kwamba inawapata wanaume pia. Wala si ya mabingwa peke yao. Mtu wa ofisini anayekimbia alfajiri na kula kama anayejinyima, mwili wake haujui kwamba yeye si bingwa.

Kwa hiyo nakuuliza kama mama na kama mtu aliyetumika wodi ya mifupa: siku zako zinakuja kama kawaida? Kama zimekuwa nyepesi mno, zinaruka, au zimekosekana miezi 3, mwambie daktari waziwazi, usione haya. Ataanza na kipimo cha ujauzito, usinune, ndivyo inavyofanywa kwa kila mwanamke. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, ile damu ya kila mwezi haithibitishi chochote, kwa sababu inaletwa na vidonge. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka, mfupa hukosa mlinzi wake mkubwa. Msichana wa miaka 27 bado anatakiwa kutunza mifupa atakayoitegemea akiwa na umri wangu.

Sasa la kwanza. Mfupa hai haukai vilevile. Kuna chembe zinazokula sehemu iliyochoka, na nyingine zinazojaza mfupa mpya nyuma yake, kama fundi anayebomoa matofali mabovu kabla ya kupanga mapya. Kubomoa huenda haraka, kujenga huchukua miezi 3 hivi hadi 4. Ndiyo maana mtu anayeongeza mbio ghafla hupita kipindi ambacho mfupa wake ni dhaifu kuliko alivyoanza, ingawa mapafu na misuli vinamwambia yuko imara. Wewe ulitoka kilomita 20 kwa wiki hadi 50 ndani ya miezi miwili tangu ulipojiunga na kikundi chenu. Ukatoka kwenye tambarare ya huko Dar, pale daraja la Tanzanite na Coco Beach, ukaja kwenye miteremko yetu kila asubuhi. Kushuka mlima ndiko kunakougonga muundi kuliko kupanda, maana kila hatua unajizuia. Na fundi wako hakuwa na matofali.

Unasema wenzako wanakwambia eksirei ni safi, kwa hiyo ni misuli tu. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa wa namna hii. Kipimo cha MRI huuona mapema, lakini bei yake unaijua. Daktari wako amefanya jambo la maana: amebonyeza kwa kidole kimoja akapata mahali pamoja panapouma, na ukamwambia kwamba usiku ukilala bado panauma. Maumivu ya muundi ya kawaida kwa wakimbiaji husambaa kwenye urefu wa mfupa, na mara nyingi hupungua mwili ukipata moto. Yako yanazidi kadiri unavyokimbia. Mimi naliamini lile bonyezo.

Ukikimbia kilomita 21 juu ya ufa huo, unaweza kuumaliza. Nimewahudumia watu waliofika wodini mfupa umekatika kabisa, na kila mmoja alikuwa na maelezo ya jinsi ulivyokuwa unauma kidogo tu wiki zilizotangulia. Hapo hatuzungumzii tena wiki 6. Tunazungumzia plasta, au chuma na skrubu, mikongojo, likizo bila malipo, na miezi kabla hujapanda daladala peke yako. Na njia yenyewe ya nusu marathoni unaifahamu: unapanda kuelekea Mweka, halafu unateremka kurudi mjini ukiwa umeshachoka. Ule mteremko ndio ninaouogopa.

Umeniandikia kwamba utakimbia kwa moyo wa John Stephen Akhwari. Nampenda Akhwari kuliko unavyodhani. Alituwakilisha Watanzania kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, mwaka 1968, alianguka njiani, goti likateguka, akafungwa bandeji, akaendelea. Alifika wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Lakini angalia hivi, mwanangu: Akhwari asubuhi ile aliamka hajui kwamba goti litateguka. Wewe unajua. Yeye alikuwa katikati ya mbio za maisha yake na taifa zima mgongoni. Wewe uko kitandani kwako Sinza, wiki 6 kabla, na hakuna aliyekutuma. Ushujaa wake ulikuwa wa kumaliza alichoanza akiwa mzima. Usiuazime kwa kuanza ukiwa mgonjwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Wiki 3 hazitoshi, na hata zikitimia 6, siku hiyo haiwezi kuwa siku ya kukimbia kilomita 21. Itakuwa, mambo yakienda vizuri, siku ya kuanza kujaribu dakika chache. Njoo hata hivyo, usimame nasi barabarani uwashangilie wenzako. Ada uliyokwisha kulipa isikusukume. Ni ndogo kuliko gharama ya kutibiwa mfupa uliokatika.

Na tafadhali, usimeze diklofenaki au ibuprofeni ili ukimbie. Najua vidonge hivyo vya maumivu vinazunguka kwenye kikundi chenu kama pipi. Vinakuficha ile ishara moja unayoihitaji, na kwenye mbio ndefu za jua kali, mtu akiwa amepungukiwa maji, huweza kuumiza figo.

Chakula sasa. Sitaki ununue unga wa makopo kwenye maduka ya mazoezi, sokoni kuna kila kitu. Mwanamke wa umri wako anahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Ulezi una nyingi ajabu, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga, kwa hiyo uji wa ulezi wenye maziwa asubuhi tayari ni mwanzo mzuri. Dagaa uwale wazima, na mifupa yao, usiwatoe vichwa kwa kujidai. Maziwa mgando jioni. Protini igawe katika milo yote badala ya kuirundika usiku: mayai asubuhi, maharage au samaki mchana, nyama au choroko jioni. Wanga usiuogope, wali na ugali na ndizi ndivyo vilivyobeba wakimbiaji wa ukanda huu wote. Jua la dakika chache kwenye mikono na miguu litakupa vitamini D, nawe unashinda kwenye kiyoyozi.

Na ile chai ya rangi, sogeza mbali na chakula. Ukiinywa na mlo inazuia mwili usifyonze madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha. Kunywa saa moja au mbili baadaye, na wakati wa kula weka chungwa au limau, maana hayo yanasaidia chuma kiingie. Siku ya kliniki waombe wapime wingi wa damu, na feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, kama inapatikana.

Najua kinachokutesa zaidi ni kuona pumzi inapotea. Itapungua, nisikudanganye, baada ya kama wiki mbili za kukaa tu. Lakini sikwambii ukae tu. Daktari akishakubali, na ukiweza kutembea nyumbani bila kuuma, tafuta baiskeli, au bwawa la kuogelea hata mara mbili kwa wiki. Kuna zoezi la kukimbia ndani ya maji ya kina ukiwa umevaa boya kiunoni, miguu haigusi chini, moyo unafanya kazi ileile na mfupa haupigwi. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha. Muulize pia mazoezi ya kuinua visigino na ya nyonga, maana misuli dhaifu ya shavu la mguu huuachia mfupa mzigo wote.

Ukiruhusiwa kurudi, kwanza utembee kwa kasi nusu saa, siku kadhaa mfululizo, bila maumivu siku hiyo wala asubuhi inayofuata. Halafu kimbia dakika 1, tembea 2, urudie hivyo kama nusu saa, siku moja ndiyo, siku inayofuata hapana. Palepale pakiuma, unasimama na kurudi hatua ya nyuma. Urefu kwanza, kasi baadaye kabisa, milima mwisho. Na zile raba za mtumba za Karume, soli imelika upande mmoja, nilizigeuza nikaona. Zigawe kwa mtu wa kuzitembelea tu.

Baba yako, ambaye ananichungulia begani ninavyoandika, anataka nikukumbushe Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Alipata shaba ya dunia London mwaka 2017. Dhahabu ameipata Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, akiwa amelingana muda na Mjerumani Amanal Petros hadi ikabidi watazame picha ya mstarini. Kati ya medali hizo mbili imepita miaka 8. Baba yako anasema wewe unalia kwa Februari moja. Ni maneno yake makali kidogo, ila sikuyafuta.

Kesho asubuhi naweka kifurushi kwenye basi, kikapokelewe stendi ya Magufuli jioni. Kuna unga wa ulezi, mkungu wa ndizi za mtori, parachichi ambazo hazijaiva, na karanga. Usiende kukibeba mwenyewe na mguu huo, mtume kaka yako. Halafu nipigie Jumanne ukitoka kliniki, unisomee alichoandika daktari neno kwa neno, na unijibu lile swali langu la hedhi.

Mama yako akupendaye