Shangazi, mume wangu hataki kuomba tangu tumzike mtoto

Pole mwanangu, pole sana. Kuzika mtoto wa miaka 6 hakuna neno la kukutosha na wala sitalitafuta.

Umeniandikia kwamba ni miezi 5 sasa na bila maombi ungeshamfuata, kila saa 9 usiku uko magotini sebuleni na ukitoka hapo unapata amani. Hilo nashukuru Mungu. Kinachokukera ni mume wako, hafungi, hataki kuomba na wewe, wiki ya pili tu akarudi kazini, unaniuliza kama shetani ameufanya moyo wake mgumu.

Sasa barua yako nimeisoma mara tatu na kuna kitu umekipitia haraka haraka, eti kila Jumamosi anapoteza muda uani anapiga brashi viatu vya shule vya mtoto alafu anavirudisha kabatini. Anapoteza muda? Mwanangu, huyo baba analia! Analia kila wiki na wewe unaona uchafu wa uani tu. Na umesema mwenyewe ulimwambia angekuwa na imani asingekuwa hivyo, yaani umechukua Biblia ukamchapia nayo. Mimi niko upande wa mumeo kwenye hili, aliyeachwa peke yake humo ndani ni yeye.

Hebu rudi 2 Samweli 12. Daudi alifunga na kulala chini mtoto akiwa mgonjwa, siku ya saba mtoto akafa, watumishi wakaogopa hata kumwambia, na alipojua akainuka akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana akasujudu, akarudi akataka chakula akala, wote wakamshangaa kama unavyomshangaa wako. Ila wengi tunaishia hapo kwenye kufunga, hatufiki mstari wa 24, akamfariji Bathsheba mkewe. Hawa walikuwa wamefiwa wote wawili, na kufarijiana nako kuko kwenye Neno sio kufunga peke yake.

Siku hizi wanandoa tunapimana imani kwa sauti, asiyelia kwa kelele hana uchungu, asiyeomba kwa kelele hana Roho, wakati Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kusikoweza kutamkwa, mwanangu. Hata marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 mchana na usiku kimya na walikuwa wafariji wazuri kabisa, ubaya ulianza walipofungua midomo.

Kwa hiyo Jumamosi hii nenda uani ukae chini, chukua kiatu kimoja na wewe upige brashi. Usimnukulie mstari, usimuwekee mkono kichwani. Akilia mwache alie, akinyamaza nyamaza naye. Na hiyo saa 9 usiku sebuleni usiende, ombea hapo hapo kitandani umemshika mkono, hata kama amelala.