Kufiwa ugenini, na nilichokipata kwenye bharatanatyam

Ukifiwa ukiwa mbali na nyumbani, unakosa hata kazi ya kufanya. Kwetu msiba una shughuli zake: kuna wanaokwenda kununua sanda, wanaochimba kaburi, wanaopika, na asiyejiweza kwa uchungu hutandikiwa mkeka akae alie. Baba yangu alifariki Tanga na akazikwa siku hiyohiyo, kama ilivyo ada. Mimi nilikuwa mwanafunzi Chennai, kusini mwa India, na mchango wangu wote ulikuwa kushika simu. Miezi iliyofuata sikulala vizuri. Mabega yalikaza, chozi halikutoka. Kilichonifungua ni bharatanatyam, ngoma ya kale ya Watamil, na ninaandika kwa ajili ya yeyote mwenye msiba uliomkaa mwilini, anayejiuliza kama ngoma inaweza kumsaidia.

Kwanza, usitegemee kwamba utaingia darasani, ufumbe macho na kujiachia. Bharatanatyam haina kujiachia. Unakaa aramandi, yaani magoti yamekunjwa na kufunguka nje, visigino pamoja, mgongo wima, na hapo ndipo unapoishi saa nzima. Mwalimu, ambaye sote tulimwita Akka kama wanavyoitwa dada wakubwa kule, hukaa chini na kijiti cha mbao, akigonga kibao huku akiimba "tai ya tai, tai ya tai". Wewe unapiga nyayo. Hatua hiyohiyo unaicheza polepole, kisha mara mbili ya kasi, kisha mara mbili tena, na mapigo ya kijiti hayabadiliki. Katika kasi ya tatu kichwa hakina nafasi ya jambo lingine lolote. Kwangu mimi hilo lilikuwa pumziko la kwanza tangu msiba, na usiku wa somo nililala. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: anza na miguu. Huzuni iache isubiri, haiendi popote.

Suala la dini litakuja, nawe ulizungumze mapema. Kabla na baada ya kucheza, mchezaji huinama, hugusa ardhi kisha macho yake, akiomba radhi kwa kuikanyaga. Nyimbo nyingi ni za miungu ya Kihindu. Mimi ni mtoto wa Kiislamu, nikamwambia Akka wazi kwamba nitagusa ardhi lakini maneno ya sala sitayasema. Alikubali bila kinyongo. Wapo walimu ambao hawatakubali, na hiyo ni haki yao, tafuta mwingine. Ile ya kuinama yenyewe nilikuja kuipenda, kwa sababu ardhi ndiyo iliyompokea baba.

Ngoma hii haikikwepi kifo. Chidambaram, mji ulio kusini mwa Chennai, kuna hekalu la Nataraja, yaani mungu Shiva wa Kihindu akiwa anacheza. Sanamu zake za shaba zilizotengenezwa enzi za wafalme wa Chola, waliotawala kusini mwa India, zina kigoma katika mkono wa kulia, na hicho ni uumbaji. Mkono wa kushoto umebeba moto, nao ni maangamizi. Mkono mwingine umenyanyuliwa kumwambia anayetazama asiogope. Vyote vimo katika mwili mmoja unaocheza. Huhitaji kuiamini imani hiyo ili uone kwamba walioitunga ngoma hii walilitazama jambo lenyewe usoni.

Baadaye sana, miguu ilipotulia, Akka alinianzisha abhinaya, sehemu ya kusimulia kwa uso na mikono. Alinichagulia Jatayu. Katika Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi kuhusu mwana wa mfalme aitwaye Rama, Jatayu ni tai mzee aliyepigana na Ravana, mfalme wa mazimwi, alipomteka Sita, mke wa Rama. Akakatwa mbawa, na Rama akamkuta anakata roho. Rama ndiye anayemfanyia mazishi, kama mtoto kwa baba. Na hapa ndipo Akka aliponitazama: baba yake Rama, mfalme Dasharatha, alikufa Rama akiwa uhamishoni msituni. Hakuuchoma moto mwili wa baba yake kwa mkono wake, kama desturi ya Kihindu inavyomtaka mwana. Jatayu alikuwa rafiki wa huyo mzee.

Tulikaa juu ya kipande hicho muda mrefu. Mbawa huonyeshwa kwa viganja viwili vilivyoshikana kwa vidole gumba. Zinapokatwa, mkono mmoja unaanguka, ule mwingine unaendelea kutetemeka peke yake. Kisha unageuka kuwa Rama, unaketi, unapakata kichwa ambacho hakipo, na mkono unapita taratibu juu ya manyoya. Siku ya kwanza nilipofika hapo koo lilinibana. Akka akasimamisha kijiti. "Ukilia, nitatazama machozi yako," alisema. "Ukicheza, nitamkumbuka mama yangu." Akataka nirudie, pumzi ikiwa ndefu, nyusi zikipanda polepole, shingo ikifuata mkono.

Nilirudia mpaka nikaweza. Nililia nyumbani usiku, kilio chote kilichokuwa kimekwama. Sidhani kingetoka kama nisingepewa kwanza mahali pa kukishika na kipimo chake. Baba bado namkumbuka vilevile, lakini mikono yangu sasa imewahi kumfanyia jambo.

Kwa anayeumwa, mfano ninaoutaja daima ni Ananda Shankar Jayant wa Hyderabad, mchezaji bingwa aliyegundulika na saratani ya matiti mwaka 2008 na akaendelea kucheza katikati ya tibakemikali. Hakuacha matibabu, nawe usiache. Kama huli wala hulali, au unawaza kujidhuru, daktari kwanza. Magoti mabovu pia yaonyeshwe kwa daktari, na ukumbi wenye sakafu ya zege tupu uukimbie, utaumiza nyayo na mgongo. Asiyeweza kusimama asikate tamaa: abhinaya huchezwa hata mtu ameketi, na Balasaraswati, mmoja wa wachezaji wakubwa wa karne ya 20, alisifika zaidi kwa uso na mikono yake.

Yeye alitoka katika ukoo wa devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, wakaibeba sanaa hii humo kwa vizazi, kabla ya sheria ya Madras ya 1947 kupiga marufuku kuwaweka wakfu. Wengi walipoteza heshima na riziki huku ngoma yao ikihamia majukwaani kwa watu wa tabaka jingine. Nawataja kwa sababu nimefarijiwa na kitu walichokitunza wao.

Ukimpata mwalimu, usingoje njuga wala vazi, hivyo vitakuja. Mwambie tangu mwanzo kwamba umefiwa. Mwambie ni nani, na kama uliwahi kuzika au hukuwahi, ili siku ya kukuchagulia kipande ajue anakupa nini.