Betta wako hahitaji kuota jua

Wageni wakiona betta wangu, yule samaki mdogo wa kufugwa mwenye mapezi marefu, swali la kwanza huwa mbona yuko peke yake. La pili ni hili: kwa nini usimsogeze dirishani apate jua kidogo? Wanauliza kwa nia njema. Sisi wenyewe tunaota jua la asubuhi na mimea inalifuata lilipo, basi samaki naye amekosa nini? Nimefuga betta kwa muda wa kutosha kuwa na jibu fupi. Jua la kumpiga moja kwa moja halihitaji. Anachohitaji ni mchana unaoeleweka na usiku wenye giza, na hivyo unaweza kumpa hata katika chumba ambacho jua haliingii.

Tuanze na mwili wake. Ngozi ya binadamu hutengeneza vitamini D ikipigwa na jua, lakini samaki huipata kwenye chakula. Ukimpa punje nzuri za betta, na mara mojamoja viluwiluwi wa mbu au artemia (vijikamba vidogo sana), hilo limekwisha. Halafu tazama macho yake: hana kope. Mwanga ukimzidi hawezi kufumba, dawa yake ni kuondoka tu mahali pale. Ndiyo maana tangi tupu lenye changarawe na maji peke yake ni mateso likiwekwa penye jua, hata kabla hatujaanza kuzungumzia joto.

Hapo mtu hunijibu: kwani kwao Thailand jua haliwaki? Linawaka sana. Betta splendens asili yake ni huko, kwenye nchi tambarare ya mto Chao Phraya, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa taifa wa majini. Ila tazama anaishi wapi hasa: mashamba ya mpunga, vinamasi, mitaro yenye maji yanayojikokota, majani tele juu na chini. Mara nyingi maji yenyewe yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza ndani yake. Jua la utosi likimchoma, anajipenyeza chini ya mizizi au anashuka penye ubaridi. Uwezo huo wa kuchagua ndio tunaomnyang'anya tunapomweka kwenye kioo cha lita chache dirishani. Hata wafugaji wengi wa Thailand wanaoweka chupa za betta nje huziweka chini ya paa au neti ya kivuli.

Kwa hiyo ukiniuliza jua linamdhuru vipi, nitakwambia mwanga si adui mkubwa. Adui ni joto, na joto linategemea wingi wa maji. Betta hustawi kwenye nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Lita nne za maji zikipigwa na jua la mchana nyuma ya dirisha ni kama sufuria iliyobandikwa jikoni. Zinapanda kabla hujarudi kutoka shughuli zako. Lita arobaini zitapanda pia, lakini taratibu. Na hita haikusaidii hapa, kwa sababu kazi yake ni kupasha, haijui kupoza. Nimewahi kusikia mtu akisema tangi lake haliwezi kuzidi nyuzi 26 kwa kuwa hita imewekwa 26. Hita ilikuwa imejizima zamani, na jua lilikuwa linaendelea na kazi.

Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Kwenye nyuzi 20 lita moja inaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 ni kama 7.5. Betta ana kiungo maalumu kichwani, labirinthi, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo hataonyesha shida haraka kama samaki wengine. Hilo ndilo linalowadanganya wafugaji wengi: wanamwona bado anaogelea, wanadhani mambo ni shwari. Wakati huo mwili wake unafanya kazi haraka kupita kiasi, na bakteria wanaosafisha maji, ambao hawana labirinthi, wanapungukiwa oksijeni.

Kuna na jambo la amonia, ambalo naliona halisemwi vya kutosha. Amonia iliyomo majini huwa katika sura mbili, moja kali na nyingine ya afadhali. Joto likipanda na pH (kipimo cha asidi ya maji, ambacho hupanda asidi ikipungua) ikipanda, sehemu kubwa zaidi hugeuka kuwa ile kali. Sasa mwani na mimea vikipigwa na jua hunyonya kaboni dioksaidi kutoka majini, na pH hupanda kuelekea alasiri. Joto na pH vinakutana saa ileile. Tangi ambalo asubuhi lilikuwa na amonia kidogo ya kuvumilika linaweza kuwa na sumu ya kweli saa tisa mchana, na hakuna mtu aliyeongeza kitu. Kisha usiku dirisha linapoa, joto linashuka, kesho yake safari inaanza upya. Kupanda na kushuka huko kwa kila siku kunamchosha hata pale ambapo hakuna kipimo kimoja kinachotisha.

Ukitaka kujua hali ya tangi lako, weka kipimajoto upande ulio mbali na hita na ukisome alasiri. Kipimo cha asubuhi hakikuambii chochote kuhusu jua.

Ukikuta maji yamepanda na samaki anapanda juu kuvuta hewa kila mara, mapezi ameyakunja, rangi imefifia au amelala chini akihema, funga pazia kwanza. Usitumbukize barafu, kwani kushusha joto ghafla ni pigo la pili. Elekeza feni ipulize juu ya uso wa maji, itashusha nyuzi moja au mbili kwa utaratibu, na kama kuna haja badilisha sehemu ndogo ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye ubaridi kidogo tu kuliko ya tangi.

Mwani wa kijani sitauzungumzia sana. Haumuui betta, unaudhi tu jicho la mwenye tangi. Jua pamoja na mabaki ya chakula vitakupa maji ya rangi ya majani, na utasugua kioo mpaka uchoke.

Kinachonikera zaidi ni kioo chenyewe. Jua likiingia ubavuni, ndani ya tangi kukawa kweupe kuliko nje, kioo cha tangi kinageuka kioo cha kujitazamia. Dume anamwona mpinzani, anatanua mashavu na mapezi, anamshambulia mtu asiyekuwepo. Dakika chache si neno, wengine humfanyia hivyo makusudi kama mazoezi. Lakini jua la jioni halijui dakika chache. Nikiona betta anatembea na kioo huku na huku saa ileile kila siku, naangalia jua liko wapi kabla sijaanza kushuku ugonjwa. Na bakuli la duara lina hatari yake ya pekee: linaweza kukusanya miale mahali pamoja hadi kuunguza pazia. Sababu moja zaidi ya kutoyapenda mabakuli.

Mimi huweka tangi chumba chenye mwanga wa dirisha, lakini kwenye ukuta ambao miale haifiki. Taa ya LED iko kwenye taima, inawaka kwa muda wa saa nane hadi kumi kila siku, kisha giza kamili, kwa sababu betta hulala usiku na taa ya kuwaka mpaka alfajiri inamnyima usingizi. Mimea ya majini kama Anubias na kangaga la Java (Java fern) inaridhika na mwanga huo. Juu naacha mimea inayoelea ifunike karibu nusu ya maji, na jani moja au mawili ya mti wa mkungu (mlozi wa India) yaliyokauka yanayageuza maji kuwa ya kahawia nyepesi, mwanga ukapungua ukali. Dume hupenda kujenga kiota chake cha mapovu chini ya majani hayo.

Huna mahali pengine ila dirishani? Basi tangi liwe kubwa, lita ishirini kwenda juu, bandika karatasi nene upande unaotazama nje, na chagua dirisha la jua la asubuhi badala ya la mchana. Jua la asubuhi la muda mfupi kwenye tangi lenye kivuli ndani hulivumilia vizuri. Kumbuka pia kwamba jua huhama kadiri miezi inavyopita. Kona iliyokuwa kivulini inaweza kupata miale ya saa tatu nzima baadaye, na wewe hujagusa kitu.

Na rangi je, jua humng'arisha? Anang'aa zaidi unapomtazama chini ya jua kwa sababu magamba yake yanarudisha mwanga, ila yeye ni yuleyule. Rangi yake inatokana na kizazi, chakula na maji safi. Ukitaka picha nzuri, piga karibu na dirisha kukiwa na mawingu.

Ukiamua kulihamisha tangi, mtoe samaki kwanza kwenye chombo chenye maji yake mwenyewe na kifuniko, maana betta huruka. Punguza maji ya tangi hadi karibu robo, lisogeze, lirudishie maji yenye joto lilelile, kisha umwache bila taa siku hiyo mpaka azoee kona mpya.